Sarafu Inayong'aa Si Lazima Iwe Prufu: Namna ya Kutofautisha Chapa Maalumu na Prufu

Mfanyabiashara anayenunua sarafu za kigeni ili aziuze upande wa pili wa mpaka hukutana na neno moja mara kwa mara: prufu. Muuzaji anatoa sarafu kwenye kikasha, anaigeuza kwenye mwanga, nayo inang'aa. "Hii ni prufu," anasema, na bei inapanda hapo hapo.

Tatizo ni kwamba zipo sarafu zinazong'aa ambazo si prufu. Nyingine ziling'arishwa kwa kitambaa na dawa ya kusafishia vyombo. Nyingine ni halali kabisa na zimetoka kiwandani zikiwa nzuri kuliko za kawaida, lakini hazikutengenezwa kama prufu. Hizi ndizo zinazoitwa chapa maalumu, na ndizo zinazowapotosha watu wengi zaidi, kwa sababu muuzaji mwenyewe anaweza kuamini anachokisema.

Makala haya yanaeleza tofauti hiyo kwa kutumia mfano unaojulikana zaidi, yaani seti maalumu za Marekani za miaka ya 1965, 1966 na 1967. Baadaye tutaangalia sarafu za nchi za kwetu na jirani ambako tofauti ya aina hii inagusa mfuko.

PRUFU NI NINI HASA?

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: prufu ni namna ya kutengeneza, si daraja la uzuri. Sarafu ya prufu iliyoangushwa, ikakwaruzwa na hata kutumika sokoni bado ni prufu, ila ni prufu iliyoharibika. Na sarafu ya kawaida, hata ikiwa safi kama ilivyotoka mashineni asubuhi ya leo, haiwezi kugeuka kuwa prufu.

Sarafu hutengenezwa kwa kukandamiza kipande cha madini cha duara kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Kwa sarafu ya kawaida, mashine hupiga mara moja, kwa kasi, na sarafu huangukia kwenye chombo pamoja na maelfu ya wenzake. Ndiyo maana hata sarafu mpya huwa na alama ndogo za kugongana.

Kwa prufu kazi ni nyingine. Muhuri hung'arishwa mpaka uwe kama kioo. Kipande cha madini nacho huandaliwa na kusafishwa kwa uangalifu. Mashine hupiga polepole, kwa nguvu kubwa, kwa kawaida mara mbili au zaidi, ili madini yajae kila pembe ya mchoro. Kisha sarafu hutolewa moja moja bila kugusana na nyingine. Matokeo yake ni sehemu bapa zinazoakisi kama kioo, na ukingo uliosimama wima wenye pembe kali.

Chapa maalumu iko katikati. Imepewa uangalifu kuliko sarafu ya kawaida, lakini haikupitia kazi yote ya prufu.

KWA NINI MAREKANI ILITOA CHAPA MAALUMU

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikumbwa na upungufu mkubwa wa sarafu za chenji. Wakati huohuo bei ya madini ya fedha ilikuwa inapanda, na watu wakaanza kuzificha sarafu zenye madini hayo. Mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu cha serikali wakati huo, Eva Adams, aliwalaumu pia wakusanyaji kwa upungufu huo.

Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya ya sarafu. Madini ya fedha yaliondolewa kabisa katika sarafu za senti 10 na senti 25. Sarafu ya nusu dola ilipunguzwa kutoka asilimia 90 ya fedha hadi asilimia 40. Herufi zinazoonyesha kiwanda ziliondolewa, na utengenezaji wa prufu ukasimamishwa ili mashine zitumike kutengeneza chenji.

Badala ya prufu, wakusanyaji walipewa seti maalumu kwa miaka mitatu. Zilitengenezwa San Francisco, ingawa hazina herufi S ya mji huo. Kila seti ina sarafu tano: senti 1, senti 5, senti 10, senti 25 na nusu dola. Thamani yake ya kutumia dukani ni senti 91, lakini iliuzwa kwa dola 4. Linganisha na seti ya prufu ya mwaka 1964, iliyouzwa kwa dola 2 na senti 10. Wanunuzi wengi wa wakati ule walilalamika kwamba wanalipa zaidi kwa kitu kidogo zaidi.

Idadi ya seti zilizouzwa ni hii:

Mwaka 1965: seti 2,360,000
Mwaka 1966: seti 2,261,583
Mwaka 1967: seti 1,863,344

Jumla ni karibu milioni 6 na nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba seti hizi ni adimu, jua kwamba si kweli. Mwaka 1968 prufu zilirudi, safari hii zikiwa na herufi S, na seti hizi maalumu zikakoma.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza, nayo ni rahisi: sarafu ya kawaida ya Marekani yenye mwaka 1965, 1966 au 1967 haiwezi kuwa prufu. Hazikutengenezwa. Muuzaji akisema ni prufu, amekosea au anakudanganya, na huhitaji hata lenzi kulijua hilo.

HESABU YA MADINI

Wengi hudhani kosa la jina halina madhara makubwa, kwani "zote ni fedha za zamani". Tupige hesabu.

Seti ya prufu ya mwaka 1964 ina sarafu tatu zenye asilimia 90 ya madini ya fedha: ya senti 10 yenye gramu 2.5, ya senti 25 yenye gramu 6.25, na nusu dola yenye gramu 12.5. Jumla ni gramu 21.25, na ndani yake kuna fedha halisi gramu 19.1 hivi.

Seti maalumu ya mwaka 1965, 1966 au 1967 ina sarafu moja tu yenye fedha, nayo ni nusu dola ya gramu 11.5 kwa asilimia 40. Fedha halisi iliyomo ni gramu 4.6.

Kwa maneno mengine, aliyenunua seti maalumu kumi kwa bei ya seti kumi za prufu za 1964 amepata chini ya robo ya madini aliyodhani amenunua. Na hapo hatujagusa bei ya wakusanyaji.

Tofauti hii huonekana kwa macho. Itazame sarafu ya senti 10 au senti 25 kwa ubavuni. Ukiona mstari mwekundu wa shaba katikati, hiyo ni ya mfumo mpya na haina fedha. Mizani ya sonara itathibitisha: senti 25 ya fedha ni gramu 6.25, na ile isiyo na fedha ni gramu 5.67.

Tahadhari moja: nusu dola za kawaida za mwaka 1965 hadi 1967 nazo zina asilimia 40 ya fedha. Kwa hiyo mizani itakuonyesha madini, lakini haitakuonyesha kama sarafu ni ya chapa maalumu au ni ya kawaida. Kwa hilo unahitaji macho.

HATUA SITA ZA KUKAGUA

Unahitaji taa moja yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuzia ya mara 5 hadi 10, na kipande cha gazeti. Shika sarafu kwa ukingo wake tu, si kwa uso.

1. Soma mwaka na herufi. Hii huondoa nusu ya maswali. Prufu za Marekani za mwaka 1964 na kabla yake, katika miongo ya karibu na huo, hazina herufi kwa sababu zilitengenezwa Philadelphia. Kuanzia 1968 prufu zina S upande wa kichwa. Lakini kwa senti 1 na senti 5 za mwishoni mwa miaka ya 1960, herufi S peke yake haitoshi, maana San Francisco ilitengeneza pia sarafu hizo kwa matumizi ya sokoni.

2. Jaribu kusoma gazeti ndani ya sarafu. Simamisha kipande cha gazeti karibu na sarafu, uangalie taswira kwenye sehemu bapa. Katika prufu safi herufi za gazeti huonekana wazi hata ukiliweka mbali kidogo. Katika chapa maalumu taswira hufifia upesi unapolisogeza gazeti.

3. Izungushe chini ya taa. Sarafu ya kawaida iliyo mpya hutoa miale inayozunguka kama spoku za gurudumu la baiskeli. Prufu haifanyi hivyo. Sehemu bapa huwa nyeusi au nyeupe kwa mara moja, kama kioo kinavyopokea na kuacha mwanga. Chapa maalumu ya mwaka 1965 mara nyingi ina mng'ao laini kama wa kitambaa cha satini. Zile za 1966 na 1967 zinang'aa zaidi, na hizi ndizo zinazodanganya.

4. Angalia ukingo na herufi. Katika prufu, ukingo hukutana na sehemu bapa kwa pembe kali, na maandishi husimama wima. Katika chapa maalumu pembe hizo ni nzuri kuliko za sarafu ya kawaida, lakini zina ulaini kidogo.

5. Tafuta tofauti kati ya mchoro na sehemu bapa. Baadhi ya prufu zina mchoro mweupe kama umande ulioganda juu ya kioo cheusi. Ukiona hivyo si uthibitisho kamili, kwa kuwa baadhi ya chapa maalumu za 1965 hadi 1967 nazo zina weupe huo, na wakusanyaji huzilipia zaidi. Na usipoona weupe huo usikatae haraka, kwa kuwa prufu nyingi za zamani zinang'aa kote kote.

6. Angalia kifungashio. Seti ya 1965 iko ndani ya plastiki laini iliyofungwa. Seti za 1966 na 1967 ziko ndani ya kasha gumu la plastiki. Maneno Special Mint Set yakiwa kwenye kifungashio, hiyo ni seti maalumu, hata kama muuzaji anaita prufu. Hata hivyo kasha hufunguka. Kasha halisi linaweza kuwekwa sarafu nyingine, kwa hiyo anza na sarafu, kasha lifuate.

Ikiwa sarafu imefungwa na kampuni ya upimaji, soma lebo. Herufi PR au PF humaanisha prufu. Herufi SMS humaanisha seti maalumu.

ZINAZOCHANGANYA ZAIDI

Zipo sarafu chache sana za mwaka 1964 zenye sura inayofanana na chapa maalumu, ingawa seti maalumu rasmi zilianza na mwaka 1965. Hizi ni adimu kweli, na bei yake mnadani ni kubwa mno. Kwa sababu hiyo usiamini maneno matupu. Sarafu ya namna hiyo isiyo na uthibitisho wa kampuni inayotambulika ihesabu kama sarafu ya kawaida ya 1964, ulipe bei ya madini yake.

Kosa la upande wa pili ni kudharau sarafu isiyong'aa. Mwaka 1994 Marekani ilitoa senti 5 za chapa maalumu 167,703 zenye uso mkavu, usio na mng'ao. Mwaka 1997 zikatolewa tena, safari hii 25,000 tu. Mtu asiyejua anaweza kuitupa sarafu hiyo kwenye bakuli la chenji. Kadhalika, kati ya mwaka 2005 na 2010 seti za kawaida za wakusanyaji za Marekani zilikuwa na uso wa satini. Hizo nazo si prufu, na hazikuwahi kutangazwa kuwa prufu.

KARIBU NA KWETU

Tanzania ilipoanza kutumia sarafu zake mwaka 1966, seti za prufu zilitengenezwa pia kwa ajili ya wakusanyaji. Uganda nayo ilifanya hivyo. Sarafu hizo za prufu zina thamani ileile ya uso na michoro ileile kama zilizotumika sokoni. Kinachozitenganisha ni kazi ya kiwandani tu, kwa hiyo hatua za 2, 3 na 4 hapo juu ndizo za kutumia.

Mfano unaogusa zaidi mfuko ni sarafu za Tanzania za mwaka 1974 za uhifadhi wa wanyamapori: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Sarafu za fedha katika mfululizo huo zilitolewa kwa aina mbili, na hapa tofauti haiko kwenye mng'ao pekee. Zile zisizo prufu zina asilimia 50 ya madini ya fedha, na prufu zina asilimia 92.5. Kwa hiyo hata uzito haulingani. Shilingi 25 ya prufu ina gramu 28.28, na isiyo prufu ina zaidi kidogo ya gramu 25. Shilingi 50 ya prufu ina gramu 35, na isiyo prufu ina karibu gramu 32.

Hapa mizani inatoa jibu ambalo macho yanaweza kukosea. Anayeuza shilingi 25 ya twiga kama prufu, ikapimwa na kukutwa na gramu 25 na ushee, hana hoja tena. Na anayemiliki sarafu hiyo kwa urithi asikubali kuiuza kabla haijapimwa, kwa sababu prufu moja ina fedha halisi karibu mara mbili ya isiyo prufu.

Afrika Kusini ina Krugerrand ya dhahabu, na ile ya wakia moja ina wakia moja ya dhahabu safi na uzito wa gramu 33.93. Ipo ya uwekezaji na ipo ya prufu. Dhahabu ni sawa, lakini prufu huuzwa ghali zaidi. Angalia ubavu: ya uwekezaji kwa kawaida ina mikato midogo 160, na ya prufu ina 220. Mikato ya prufu ni myembamba na imebanana. Si lazima uihesabu yote. Ukiweka mbili pamoja utaona.

KWENYE FORODHA

Jina la sarafu si suala la muuzaji na mnunuzi tu. Unapovuka mpaka na sarafu za biashara, maelezo unayoandika yanabeba thamani. Ukiandika prufu wakati si prufu, unaweza kukadiriwa juu ya thamani halisi. Ukiandika sarafu za kawaida wakati ni prufu za dhahabu, umetoa tamko lisilo sahihi, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, sarafu ziko kwenye kifungu 7118, na vitu vya makusanyo vyenye umuhimu wa kihistoria wa sarafu viko kwenye 9705. Mweleze wakala wako nchi, mwaka, madini, uzito na aina ya utengenezaji, naye aulize forodha kabla ya safari na si ukiwa tayari kwenye foleni ya mpakani.

USISAFISHE

Sarafu nyingi nzuri huharibiwa na mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Majivu, limau, dawa ya meno na steelwool huacha mikwaruzo midogo inayoonekana chini ya lenzi kama nywele zilizolala upande mmoja. Katika prufu mikwaruzo hiyo huonekana vibaya zaidi, kwa sababu uso wake ni kioo. Mikwaruzo hiyohiyo ndiyo inayomfichua anayeng'arisha sarafu ya kawaida ili iitwe prufu: mng'ao wa kiwandani hauna mistari, wa kitambaa unayo.

Usihifadhi sarafu kwa muda mrefu kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC, kwani huacha utando wa kijani. Na ukikuta kifungashio cha awali kikiwa kizima, kiache kilivyo mpaka mnunuzi akione.

KWA KIFUPI

Kabla ya kutoa fedha, jiulize maswali manne. Je, mwaka huo prufu zilitengenezwa? Je, sehemu bapa zinaakisi herufi za gazeti kwa uwazi? Je, ukingo una pembe kali? Je, uzito unalingana na madini yanayodaiwa? Jibu la hapana kwa swali la kwanza au la nne linatosha kusimamisha biashara. Jibu la hapana kwa la pili au la tatu linatosha kushusha bei mpaka mtaalamu aikague.

Na kwa upande wa muuzaji, chapa maalumu ikiitwa kwa jina lake bado inauzika, maana wapo wakusanyaji wanaoitafuta. Ikiitwa prufu, mteja wa kwanza mwenye lenzi atairudisha, na safari ijayo hatanunua kwako hata ile ambayo ni prufu kweli.